Kasi ya mtandao inapanda kila kizazi, mbona mapato ya kampuni za simu yanasuasua?

#1 Kipimamasafa (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Naenda moja kwa moja kwenye hoja.

Desemba 2009 TeliaSonera iliwasha 4G ya kwanza ya kibiashara duniani, Stockholm na Oslo. Aprili 2019 Korea Kusini na Marekani zikawasha 5G. Katikati hapo kasi anayoipata mtu kwenye simu imepanda mno, lakini bili anayolipa haijaifuata. Kampuni inanunua masafa, inabadilisha antena, inavuta mkongo hadi mnarani, halafu mteja analipa kilekile.

Msimamo wangu ni huu: tunajenga kasi lakini tunauza ujazo. GB ni GB, iwe imeshuka kwa Mbps 5 au kwa Mbps 500. Aliyezoea kununua GB 10 hana sababu ya kuongeza chochote eti kwa kuwa juu ya mnara pamefungwa antena mpya. Ufini walishalimaliza hili zamani. Kampuni zao, Elisa ikiwemo, zinauza data isiyo na kikomo kwa ngazi za kasi, na anayetaka kasi zaidi anapanda ngazi. Hapo kila antena mpya inaleta ngazi mpya ya kuuza.

Nasema huu ndio mlango wa pesa, mingine yote ni madirisha. Anayepinga aje na namba.

#2 Uzi_Mweupe

GB si GB, mkuu. Kasi huwa inaongeza ujazo yenyewe bila mteja kugusa kitu. Programu za video hupima kasi ya laini kila sekunde chache na kuchagua ubora. Mtandao ukiwa mzito mtu anapewa picha ya 480p, ambayo kwa Netflix inakula kama GB 0.7 kwa saa. Ukiwa mwepesi programu inapanda hadi picha kali, na saa ileile moja inaweza kufika GB 3. Mtu yuleyule, filamu ileile, matumizi zaidi ya mara nne.

Kwa hiyo anayeuza kwa ujazo tayari ana mapato ya kasi mkononi. Shida inakuja baadaye: mteja anaona bando linaisha haraka kuliko mwezi uliopita, anaamini ameibiwa, analalamika, anahama. Kampuni ingemtumia ujumbe siku anapoingia 5G, ikamwonyesha pa kupunguza ubora wa video kwenye simu yake, ingebaki na pesa na ingebaki na mteja.

#3 Fundi_Sekta

Wote wawili mnazunguka. Pesa ya kasi iko nyumbani, haiko mfukoni. Simu ina kioo kidogo, mtu mmoja. Nyumba ina runinga, kompyuta, kamera za ulinzi na watoto watatu. T-Mobile ya Marekani ilifungua rasmi intaneti ya nyumbani kwa masafa Aprili 2021, Jio ya India ikaleta AirFiber Septemba 2023, na zote zimevuna wateja kwa mamilioni. Hiyo ni bili ya pili juu ya mnara uleule.

Mleta uzi umetaka namba, shika hizi. Sekta moja (upande mmoja wa mnara), MHz 100 kwenye 3.5 GHz, antena ya 64T64R (njia 64 za kutuma na 64 za kupokea). Weka ufanisi wa wastani wa biti 8 kwa sekunde kwa kila hezi, na robo tatu ya muda iwe ya kushusha data kwa wateja: 100 × 8 × 0.75 = Mbps 600. Usiijaze kupita asilimia 60, unabaki na 360. Nusu waachie wenye simu, zako ni 180.

Nyumba inayotumia GB 300 kwa mwezi inatumia GB 10 kwa siku, sawa na gigabiti 80. Gawa kwa sekunde 86,400 unapata Mbps 0.93. Gawa 180 kwa 0.93: nyumba 194 kwa sekta, mnara wa sekta tatu unabeba kama 580. Nani ana biashara nzuri kuliko hiyo?

#4 Bi_Mizani

Fundi, mpangilio wa hesabu ni safi ila umeigawa siku kana kwamba watu wanatazama runinga saa kumi alfajiri. Mnara haupangwi kwa wastani wa siku, unapangwa kwa saa ya msongamano. Kadirio la kawaida la kupangia ni kwamba saa hiyo moja inabeba karibu asilimia 8 ya matumizi ya siku nzima. Asilimia 8 ya GB 10 ni GB 0.8, sawa na gigabiti 6.4. Gawa kwa sekunde 3,600: Mbps 1.78 kwa nyumba.

180 kwa 1.78 ni nyumba 101 kwa sekta, 303 kwa mnara. Ukisaini nyumba 580, ikifika saa tatu usiku kila nyumba inapata kama nusu ya inachohitaji, na wenye simu wanaburuzwa nao kwa sababu sekta ni moja. Hao wenye simu ndio wanaokulipa tangu zamani.

#5 Fundi_Sekta

Nimekubali kwenye saa ya msongamano, dada. Ila 303 bado ni biashara.

#6 Kuta_Nne

Ni biashara kama ruta zote 303 zinauona mnara. Haziuoni.

Hesabu ya biti 8 kwa hezi ina dhana kwamba mawimbi yanafika safi. Ukuta wa zege kwenye 3.5 GHz unakula desibeli 20 hivi. Kioo cha kisasa chenye utando wa kuzuia joto kinaweza kula hata zaidi. Mteja anaipokea ruta kwa posta, anaichomeka nyuma ya runinga. Badala ya kusoma 256QAM, mfumo unaopakia biti 8 kwa kila alama ya mawimbi, inashuka hadi QPSK, biti 2. Kinachouma ni kwamba mnara hauipunguzii ruta hiyo huduma, unaiongezea nafasi. Mbebaji (mkondo mmoja wa masafa) wa MHz 100 una bloku 273, yaani vipande vidogo vya masafa wanavyogawiwa wateja, na nyumba yenye mawimbi dhaifu inachukua bloku mara tatu au nne kuvuta video ileile ambayo jirani yake anaivuta kwa chache.

Tuseme theluthi ya nyumba ziko hivyo na kila moja inakula nafasi ya nyumba tatu. Nyumba moja ya wastani inakuwa sawa na 1.67. 101 gawa kwa 1.67 ni nyumba 60 kwa sekta.

Dawa ipo, ila ni ya kazi kwelikweli:

Kwanza, uza kwa anwani, sio kwa mji. Kabla ya kusaini, angalia sekta inayoihudumia nyumba hiyo na nafasi iliyobaki saa ya msongamano. Imejaa? Mwandike kwenye foleni ya kusubiri, usimuuzie.

Pili, fundi apime dirishani na ukutani nje. SINR (nguvu ya mawimbi ikilinganishwa na kelele na mwingiliano) ikiwa chini ya desibeli 10 ndani lakini nje ni 18 au 20, hapo ni antena ya nje, hakuna mjadala. Gharama ya bomba, kebo na saa mbili za fundi ni ndogo kuliko nafasi ambayo ruta hiyo ingekula miaka mitatu.

Tatu, ifunge ruta kwenye seli zake. Watu huibeba kwenda nayo kijijini au kazini, wakaangukia kwenye sekta ambayo hukuipangia kabisa.

Kampuni nyingi zinaruka hatua ya pili kwa sababu kutuma ruta kwa posta ni rahisi na takwimu za mauzo zinapendeza. Miezi sita baadaye wanashangaa kwa nini simu zinakwama jioni.

#7 Paketi_Moja

Turudi kwenye post #1, maana ngazi za kasi zinasemwa kirahisi mno humu.

Kikomo cha kasi kinawekwa kwenye wasifu wa mteja kwa jina la AMBR, PCF (sehemu ya mtandao inayotoa kanuni) inaweza kukibadilisha wakati wowote, na UPF (sehemu inayopitisha data ya mteja) ndiyo inayokitekeleza. Hadi hapo hakuna gumu. Kosa hutokea kwenye namna ya kutekeleza. UPF ikiwekwa itupe tu kila paketi inayozidi, na kapu la tokeni (kiasi cha data kinachoruhusiwa kupita kwa mkupuo) likiwa dogo, TCP (itifaki inayosafirisha data na kupanga mwendo wake) inaona paketi zimepotea, inakata mwendo, inapanda polepole, inapotezewa tena. Mteja aliyelipia Mbps 50 anapima anapata 30. Anapiga simu huduma kwa wateja, anaambiwa mnara uko sawa, na kweli mnara uko sawa. Tatizo liko kwenye kapu.

Kapu liwe angalau kasi mara muda wa safari ya kwenda na kurudi. Mbps 50 kwa milisekunde 100 ni megabiti 5, yaani kilobaiti 625. Nimeona mifano ya mipangilio yenye kilobaiti 64, hiyo ni kumwibia mteja bila kukusudia. Na pale kifaa kinaporuhusu, ziweke paketi kwenye foleni fupi badala ya kuzitupa papo hapo.

Halafu kuna hatari ambayo mleta uzi hakuigusa. Data isiyo na kikomo kwenye ngazi ya chini kabisa, Mbps 10, ikitumika usiku na mchana ni GB 108 kwa siku. Mtu mmoja, ngazi ya bei rahisi kuliko zote, anaweza kuvuta GB 3,240 kwa mwezi bila kuvunja sharti lolote. Ngazi za kasi zinampenda mtumiaji mzito.

#8 Kipimamasafa

Paketi, GB 108 kwa siku ni namba ya karatasini. Kwa hesabu ya Bi_Mizani kinachoumiza ni saa ya msongamano, na saa hiyo mtu wa Mbps 10 hawezi kuzidi Mbps 10 hata afanyeje. Huo ndio uzuri wa kuuza kasi: madhara ya kila mteja yana kikomo kinachojulikana. Anayeuza ujazo ana wateja wanaoweza kuvuta Mbps 400 wote kwa pamoja saa tatu usiku, na hana breki.

#9 Bi_Mizani

Hapo nakuunga mkono, lakini nusu. Mwenye Mbps 400 anamaliza faili lake kwa sekunde chache, anaachia bloku. Wa Mbps 10 anakaa dakika nzima. Jumla ya bloku walizokula kwa faili lilelile ni sawa ikiwa mawimbi yao ni sawa. Kikomo cha kasi kinasaidia tu kwa kupunguza hamu: video inashuka ubora, michezo inapakuliwa baadaye. Ni breki ya tabia, sio ya masafa.

#10 Nusu_Sekunde

Naomba niwasogeze pembeni kidogo. Mnaongea kushusha, kushusha, kushusha. Video ya 4K ya Netflix inataka Mbps 15. Juu ya 20 au 25 mwenye simu hana anachokiona, ndiyo maana hataki kulipia. Verizon ilianza 5G yake 2019 ikiwa na nyongeza ya dola 10 kwa mwezi, kisha ikawa inaisamehe.

Kinachokosekana ni kupandisha (kutuma data kutoka kwa mteja), na uthabiti. Mpangilio wa kawaida wa 3.5 GHz ni DDDSU: nafasi tatu za kushusha, moja ya mpito, moja tu ya kupandisha. Mzunguko mzima milisekunde 2.5, kupandisha anapata sehemu moja ya tano. Sasa watazame wanaorusha matangazo ya moja kwa moja, michezo, ibada, mikutano. Wanataka Mbps 8 za kupandisha zisizotetereka kwa saa mbili. Begi lao la kurushia lina modemu kadhaa na laini za kampuni tofauti tofauti, zote zinalipiwa, ili moja ikiyumba nyingine ibebe.

Hebu lielewe hilo begi. Huyo mteja analipa mara nne kwa sababu hakuna hata kampuni moja inayomuuzia uhakika. Hapo pesa ipo mezani tayari, haihitaji kubuniwa.

#11 Mzee_wa_Kiini

Nusu_Sekunde umenifungulia mlango. Uhakika huo unauzwa kwa slaisi, vipande vya mtandao. Lakini kuna mengi yanasemwa kwenye maonyesho ambayo mnarani hayapo.

Lazima uwe na 5G inayojitegemea, yenye kiini chake, yaani mitambo ya kati inayoongoza mtandao. Ile inayoegemea 4G haina slaisi za kweli. Kila slaisi ina kitambulisho: biti 8 za aina ya huduma na biti 24 za kuitofautisha na wenzake. Simu moja inaweza kuwa kwenye slaisi hadi 8 kwa wakati mmoja. Simu inajua programu gani iende slaisi gani kwa kanuni za URSP zinazotoka PCF, na hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu mfumo wa simu nao lazima uzifahamu kanuni hizo. Android ilianza kulipa hili uzito kwenye toleo la 12, kwa wasifu wa kazi wa makampuni.

Kosa kubwa kuliko yote: slaisi inawekwa kwenye kiini, mkataba unasainiwa, lakini kwenye redio haijatengewa kitu. Paketi za mteja wa dhahabu zinafika mnarani zikiwa na jina zuri halafu zinapanga foleni moja na za wengine wote. Kwenye redio kuna vipimo vitatu kwa kila slaisi: sehemu iliyotengwa kabisa, kima cha chini na kima cha juu. Ukitenga kabisa asilimia 10, bloku 27 kati ya 273 zinalala hata mteja akiwa hayupo. Ukiweka kima cha chini badala yake, wengine wanazitumia akiwa kimya na zinarudi kwake akizihitaji. Kwa mrushaji wa matangazo, kima cha chini kinatosha. Sehemu iliyotengwa waachie wa huduma za dharura. T-Mobile ilitangaza T-Priority 2024 kwa ajili ya waokoaji, na ule ndio mteja anayestahili mpango wa namna hiyo.

Tena, kwa kupandisha usisahau ruhusa ya kutuma. Simu kwa kawaida inaomba, inasubiri, inapewa. Mteja wa slaisi apewe ruhusa iliyopangwa mapema, la sivyo uchelewaji utaruka-ruka hata bloku zikiwepo.

#12 Kanuni_Kwanza

Salaam. Kabla hamjauza slaisi kwa kila programu, someni sheria ya mahali mnapouzia.

Umoja wa Ulaya una Kanuni ya 2015/2120. Mahakama yake iliamua Septemba 2020, kesi ya Telenor ya Hungaria, kwamba huwezi kuziacha programu fulani zikimbie na kuzibana nyingine bando likiisha. Septemba 2021, kesi za Vodafone na Telekom Deutschland, ikazikataa hata ofa za kutohesabu data ya programu fulani. India nayo ilipiga marufuku bei za kibaguzi Februari 2016. Yote haya yana historia: KPN ya Uholanzi ilitaka 2011 kuwatoza zaidi wanaotumia WhatsApp na Skype, na Uholanzi ikaishia kutunga sheria ya usawa wa mtandao.

Ngazi za kasi za post #1 kwa kawaida hazina tatizo, kwa sababu hazichagui programu. Slaisi ya mrushaji wa matangazo ina nafasi kama huduma maalumu ikiwa ubora huo unahitajika kweli na haupunguzi intaneti ya wengine. Slaisi ya "mchezo fulani ukimbie kuliko mingine" ndiyo yenye miiba.

#13 Mti_Mkavu

Kwa nini tusiwatoze wenye maudhui wenyewe? Video ndiyo inayojaza mnara.

#14 Kanuni_Kwanza

Limejaribiwa. SK Broadband na Netflix walivutana mahakamani Korea Kusini miaka kadhaa, wakamalizana Septemba 2023 kwa ushirikiano wa kibiashara. Na mkuu, video haijileti yenyewe mnarani. Anayeiita ni mteja wako, na ameshakulipa ili imfikie.

#15 Dirisha_API

Mnakosa jambo moja. Februari 2023 GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, ilizindua Open Gateway: mtandao unafunguliwa kwa waandika programu kupitia API (njia ya programu moja kuiomba nyingine huduma) za aina moja, zinazoandikwa kwenye mradi wa CAMARA. Benki inauliza kama laini ilibadilishwa hivi karibuni. Programu inathibitisha namba bila ujumbe wa tarakimu sita. Programu ya kurusha matangazo inaomba ubora wa juu kwa dakika 90 na kulipia dakika hizo tu. Kila ombi lina bei. Septemba 2024 Ericsson na kampuni kubwa kadhaa za simu zikatangaza kampuni ya pamoja ya kuuza API hizo.

#16 Bi_Mizani

Dirisha, mbili za kwanza ni pesa halali lakini hazihusiani na kasi. Kujua laini ilibadilishwa lini unaweza hata kwenye 2G. Tusiziweke kwenye hesabu ya kurudisha gharama ya antena mpya.

#17 Mzee_wa_Kiini

Na ile ya tatu, ya kuomba ubora, ina kigingi ambacho hakiandikwi kwenye vipeperushi. Programu inamtambulisha mteja kwa anwani ya IP ya nje. Kiini kinamjua kwa anwani ya ndani. Katikati kuna mashine ya kubadilisha anwani inayowaweka watu maelfu nyuma ya anwani moja. Bila kutuma na namba ya bandari (port, inayotofautisha watumiaji wa anwani hiyo moja), na bila kiini kuweza kuiuliza mashine hiyo "bandari hii ni ya nani sasa hivi", ombi linakataliwa au, vibaya zaidi, ubora anapewa mtu mwingine. Kulitatua hilo kunachukua muda mrefu kuliko kuiandika API yenyewe.

Wenye kumbukumbu wanajua pia WAC ya 2010, kampuni za simu ziliungana kufungua soko la pamoja la programu. 2012 ikafungwa. Kila kampuni ilitaka API yake na ratiba yake. Sasa hivi dalili ni nzuri kuliko wakati ule, lakini mwandika programu hatasubiri nchi kumi na mbili zijiandae.

#18 Gharama_Kwanza

Naomba niwapinge wote kwa heshima. Kasi haileti mapato. Kasi inapunguza gharama, na hilo linatosha.

Sekta ya 4G yenye MHz 20 na antena za kawaida hubeba wastani wa Mbps 35 hadi 40. Ile ya Fundi ni 600. Hata antena mpya ikigharimu mara tatu na kula karibu kilowati 1 mzigo ukiwa mkubwa, gharama kwa GB inaanguka vibaya sana. Usipoiweka, matumizi yanakua na unalazimika kuongeza minara, ambayo ni kodi ya ardhi, jenereta, walinzi. Kila mteja unayemhamisha kutoka 4G iliyojaa kwenda 5G iliyo tupu ni faida hata kama bili yake haijapanda hata kidogo. Kazi ya idara ya mauzo ingekuwa kuwapa watu simu za 5G kwa mkopo nafuu kwenye sekta zilizojaa tu, siyo kote.

Na antena ilazwe usiku. Saa nane usiku hakuna haja ya njia zote 64 kuwa hai.

#19 Kipimamasafa

Gharama, hapo unabadilisha swali. Niliuliza mapato.

#20 Gharama_Kwanza

Mwenye hisa haulizi imetoka mfuko gani.

#21 Alama_Juu

Ninaingia kwa swali la pembeni: kwa nini simu inaonyesha 5G lakini kasi ni ya 4G? Watu wanakataa kulipia kwa sababu hiyo.

#22 Paketi_Moja

Kwenye 5G inayoegemea 4G, seli ya 4G hutangaza kwamba inaweza kushirikiana na 5G. Simu nyingi zinaiwasha alama kwa tangazo hilo tu, kabla haijaunganishwa na mbebaji wa 5G hata mmoja. Kwa hiyo alama inasema "inawezekana", haisemi "inatumika".

Na kuaminiana kukiharibika kuna gharama. Mei 2023 tume ya ushindani ya Korea Kusini ilizitoza kampuni zote tatu jumla ya won bilioni 33.6 kwa kutangaza kasi ya Gbps 20 ambayo mteja asingeweza kuipata. Anayetaka kuuza ngazi za kasi aandike kasi ya saa tatu usiku kwenye mkataba, basi.

#23 Mlima_Juu

Nimesoma kuanzia juu, uzi mzuri. Ila hakuna aliyeuliza mnara unaunganishwaje na dunia.

Chukua namba za Fundi zilizosahihishwa. Sekta tatu kwa Mbps 360 ni 1,080 saa ya msongamano. Mnara wenye mkongo hauna wasiwasi. Mnara wa maikrowevu wenye kiungo cha Mbps 500, toa kama asilimia 10 ya vichwa vya paketi na usimbaji, unabaki na 450. Wenye simu peke yao mmewapa 180 mara tatu, yaani 540. Kiungo kimejaa kabla hata nyumba moja haijasainiwa. Zile 194, 101 na 60 zote ni sifuri.

Kinachofanyika ni kuongeza redio ya GHz 80. Inafika hata Gbps 10, lakini kwa kilomita chache, na mvua kubwa inaikata. Kwa hiyo iunganishe na ile ya zamani ya GHz 18: mvua ikinyesha, sauti na slaisi za uhakika zinahamia kwenye ile ya zamani, video za nyumbani zinangoja mvua ipite. Mpangilio wa vipaumbele uwekwe kwenye ruta ya mnara kabla ya kuuza kitu, maana mkataba wa Mzee unavunjikia hapo, siyo kwenye redio.

#24 Fundi_Sekta

Mlima umenimaliza. Kwa hiyo intaneti ya nyumbani ianzie kwenye minara yenye mkongo?

#25 Mlima_Juu

Yenye mkongo, na ambayo nyumba zake hazijafikiwa na mkongo. Minara ya namna hiyo ni mingi pembezoni mwa miji: mkongo umepita barabara kuu, vichochoro havijaguswa.

#26 Kipimamasafa

Sawa wakuu. Bado nasimama na ngazi za kasi kwa wenye simu, ila nimeelewa kwamba mnara mmoja hauwezi kuuza vitu vyote. Swali la mwisho upande wangu: nikiwa na minara 200, natumia kipimo gani kuamua upi uuze nyumba, upi uuze uhakika wa kupandisha, upi uachwe na simu tu? Ripoti ya mwezi inaonyesha mingi inatumia wastani wa asilimia 35 ya bloku zake.

#27 Bi_Mizani

Itupe ripoti ya mwezi. Asilimia 35 ya wastani inaweza kuficha 95 kila jioni. Toa vihesabio (takwimu za matumizi zinazorekodiwa na mnara) vya kila dakika 15, wiki mbili mfululizo, kila sekta peke yake, usichanganye sekta tatu za mnara. Kwa kila sekta chukua kipindi kibaya kuliko vyote cha kila siku, kisha vipange hivyo 14 kwa ukubwa na uchague thamani ya katikati. Chini ya asilimia 40 na kuna mkongo, uza nyumba. Juu ya 70, usiuze chochote kipya, fuata ushauri wa Gharama_Kwanza.

#28 Nusu_Sekunde

Ongeza moja: vihesabio vya kupandisha vitolewe peke yake. Sekta za viwanja vya michezo na kumbi huonekana tupu upande wa kushusha, huku upande wa kupandisha umejaa tangu mechi inapoanza hadi inapokwisha. Hizo ndizo za kumuuzia mwenye begi la laini nne, ila zipangwe kwa ratiba ya mechi, wastani wa wiki mbili hautaziona.